Kijitabu cha Batiki na Vitambaa Vyangu Viwili

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiamini kwamba umeamka salama, na kwamba goti halikusumbui tena kama wakati ule wa mvua kubwa. Kikohozi cha Bibi kimeisha? Na cherehani, fundi aliitengeneza au bado inaruka nyuzi? Mimi ni mzima, na Shangazi Sekela ni mzima. Joto la huku sijalizoea bado, ila siku hizi nalala vizuri, na shuleni naendelea bila shida. Kwenye simu tukimaliza kusalimiana tu mtandao unakatika, na habari niliyonayo ni ndefu. Kwa kuwa Kaka Ipyana anarudi Tukuyu keshokutwa, nimeona nimpe barua.

Sijawahi kukueleza vizuri kuhusu rafu yangu pale saluni kwa Shangazi. Televisheni yake iliharibika, na wewe unajua mtu anayesukwa anavyokaa muda mrefu. Wateja walikuwa wanajitazama kwenye kioo mpaka wanasinzia. Nikamwomba Shangazi anipe rafu moja ya mafuta ya nywele, akakubali. Nimepanga hapo vitabu ninavyoazima maktaba ya shule, magazeti ya zamani yenye michoro ya kufuma, na vitu vidogo anavyohitaji mtu anayependa kutengeneza jambo kwa mikono yake: penseli za rangi, gundi, uzi, sindano za kufumia. Kila kimoja nakiandikia karatasi ya maoni na kuibandika ukutani kando ya kioo. Jumamosi alasiri saluni ikijaa, naisoma kwa sauti.

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametufundisha uhakiki. Useme kitu kimekusudia nini, kimefanikiwa wapi na kimepungukiwa wapi, wala usimtukane aliyekitengeneza. Mimi nimejiwekea na sharti langu mwenyewe, kwamba sisemi neno juu ya kitu chochote mpaka nikitumie kwanza nione. Penseli za rangi nilizitumia kuchora mashamba yetu ya chai, halafu ndipo nikaandika: "Nyekundu ya pakiti hii ni laini na inang'aa. Kijani inakwaruza karatasi kama msumari, na mtu wa Tukuyu anahitaji kijani kuliko rangi zote." Wateja walicheka sana. Zai, dada anayemsaidia Shangazi kusuka, akaniambia, "We Tuse, hata penseli unazihukumu? Ipo siku utatubandika na sie hapo ukutani. Zai anasuka vizuri, ila anaongea mno."

"Hapo atakuwa hajakosea hata neno," Shangazi akasema.

Sasa habari yenyewe ni hii. Kuna mteja wetu mkubwa, Madam Doris, anayefundisha vikundi vya akina mama ujasiriamali. Ni mwanamke nadhifu, mcheshi, na ndiye anayemletea Shangazi maharusi karibu wote. Mwezi uliopita alileta kijitabu chake kipya cha kutengeneza batiki, akanikabidhi mbele ya watu. "Mhakiki, na mie niandikie. Ila uniandikie vizuri, eeh?" Nikafurahi, Mama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu aliyeandika kitabu kunipa kitabu chake kwa mkono wake.

Nilikisoma usiku huohuo, na nasema kweli, kurasa za mwanzo zilinipa hamu ya kufanya kazi. Anaeleza jinsi ya kutazama vitu vya kila siku na kuvigeuza kuwa mapambo ya kitambaa: matundu ya chujio la nazi, vigae vya paa, mistari ya mgongo wa samaki. Jumamosi iliyofuata nilisoma sehemu hiyo saluni. Mama Rehema, jirani yetu anayeuza chapati asubuhi hapa mtaani, alikuwa anasukwa siku hiyo. Binti yake Rehema alikuwa anakaribia kuolewa, na sare za sendofu, sherehe ya kumuaga, zilikuwa bado hazijapatikana. Mama Rehema akaruka kwenye kiti, Zai akabaki na rasta mkononi.

"Basi nimepata! Sare nitatengeneza mwenyewe. Akina mama wote wa upande wetu, batiki ya buluu!"

Jumatatu alinunua jora zima la kitambaa cheupe cha pamba. Fedha alizitoa kwenye akiba yake, wala hakuwa na uwezo wa kununua jingine.

Mimi nilikuwa bado sijajaribu kilichoandikwa kwenye kurasa za katikati, kwa hiyo karatasi ya maoni nilikuwa sijaandika. Nikachukua kipande cha shuka la zamani la Shangazi, nikayeyusha vipande vya mishumaa, nikachora kwa brashi miduara kama ya chujio la nazi. Unajua kazi ya nta: inakaa juu ya kitambaa na kuzuia rangi isipite, ili pale ulipochora pabaki peupe. Kijitabu kinasema uchovye kitambaa kwenye rangi iliyotoka kuchemka. Nikachovya. Mama, nta yote iliyeyuka ikaelea juu ya sufuria kama mafuta ya supu. Nilipotoa kitambaa, hapakuwa na mduara hata mmoja. Kilikuwa na mabaka tu, kama ukuta uliolowa.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia na kipande kingine, nikafuata kila neno, yakatoka mabaka yaleyale. Mara ya tatu nikaacha rangi ipoe mpaka naweza kutia mkono, na miduara ikatoka myeupe, mizuri, yenye vile vimistari vyembamba vinavyotokea nta ikipasuka. Nikarudi kwenye kijitabu nikagundua kitu. Ukurasa wa kitambaa cha kufungwa kwa nyuzi nao unasema uchovye kwenye rangi ya kuchemka, na huko ni sawa, kwa sababu uzi hauyeyuki. Maelezo ya kule yalikuwa yamehamia huku.

Nilimwendea Mama Rehema palepale kwenye chapati zake. Alinisikiliza huku akigeuza chapati, kisha akacheka kwa upole. "Tuse mwanangu, hicho kitabu kimepigwa chapa. Madam kafundisha watu kabla wewe hujazaliwa. Pengine nta yako ndiyo ilikuwa mbovu." Nikamwambia nimerudia. "Basi nitaona mwenyewe. Jumatatu nachovya."

Nilipomweleza Shangazi, alifuta kioo ambacho kilikuwa kisafi. "Hata ukiandika karatasi, usiisome Jumamosi hii. Madam atakuwepo, anasukwa kwa ajili ya hiyohiyo sendofu."

"Shangazi, Mama Rehema anachovya Jumatatu. Nimemwambia, hakuniamini."

"Na Madam akihamisha maharusi wake, mimi nitamsuka nani? Paka?"

Alichosema kilikuwa kweli. Ila karatasi niliiandika. Niliandika mazuri ya kijitabu kwanza, na ni mengi, halafu nikaeleza kuhusu maji ya moto ya rangi. Niliisoma na kuifuta mara nyingi mpaka nikaridhika kwamba hakuna neno la kumdhihaki mtu. Nikampa Shangazi aisome. Aliirudisha mkononi mwangu badala ya kuichana, na mimi nikaelewa kwamba hajakataza.

Jumamosi ikafika. Madam Doris alikuwa kwenye kiti cha kati, upande wa kulia wa kichwa umeshasukwa, wa kushoto nywele zimesimama. Mama Rehema alikaa kwenye benchi na wengine wawili. Madam mwenyewe ndiye aliyeanza. Alinitazama kupitia kioo akasema, "Mhakiki wangu, leo mbona kimya? Changu kimeiva au bado?"

"Kimeiva, Madam," nikasema. Nikasimama, nikasoma.

Kwenye mazuri alikuwa anatikisa kichwa mpaka Shangazi akamwomba atulie. Nilipofika kwenye maji akatulia bila kuombwa. Nilipomaliza nikatoa vitambaa viwili mfukoni, kimoja cha mabaka na kile cha miduara, nikavitandika kwenye benchi. Wale wateja wawili wakavivuta karibu, Mama Rehema akainama kuvitazama.

"Sekela," Madam akamwambia Shangazi kwenye kioo, "huyu mtoto umemtuma wewe?"

"Hajatumwa," Shangazi akasema, mikono yake ikiendelea kusuka. "Na mie nimesoma jana, kama wewe unavyosikia leo."

"Yaani mie nimefundisha wanawake kuanzia Kimara mpaka Temeke, leo mtoto wa kidato cha pili ananiambia sijui kuchemsha maji!" Alitaka kuinuka, akajiona kwenye kioo na kile kichwa cha upande mmoja, akakaa tena.

Nikasema, "Madam, sijasema hujui. Nimesema kilichoandikwa kimenitokea hivi."

Hapo Mama Rehema akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya mchele, "Samahani Madam. Wewe ukifanya batiki nyumbani kwako, maji unayapimaje?"

"Naweka mkono," Madam akajibu kwa haraka. "Mtu mzoefu anapima kwa mkono."

Zai akashindwa kujizuia. "Mkono kwenye maji yaliyotoka kuchemka? Makubwa! Madam, mkono wako wa chuma?"

Saluni nzima ikacheka, hata mteja mmoja aliyekuwa chini ya draya ya kukaushia nywele bila kusikia chochote. Madam Doris hakucheka. Alikaa akijitazama kwenye kioo, kisha akasema taratibu, "Nimalizie kichwa changu." Shangazi akamalizia. Upande wa kushoto ulichukua muda mrefu kuliko wa kulia, au mimi ndiye niliyeona hivyo. Alilipa, akaaga watu wengine, mimi na Shangazi akatupita.

Mama Rehema aliondoka na kitambaa cha miduara. Hakusema ataamua nini. Alikikunja tu akakitia kwenye mkoba.

Tulipokuwa tunafagia nywele, nikamwambia Shangazi kwamba akitaka nitaibandua karatasi. Aliegemea ufagio. "Umenitia hasara, Tusekile," akasema, na ananiita jina zima akiwa hatanii. Halafu akaongeza, "Usiibandue. Mtu akisoma uongo kwangu ataniuliza mimi, hatamuuliza Doris." Wiki yote hakuja bibi harusi hata mmoja, na yeye hakunilaumu tena.

Jana ndiyo ilikuwa sendofu. Tulipoingia ukumbini nilitafuta kwanza buluu. Mama, ungeiona! Akina mama wote wa upande wa Rehema, wembamba kwa wanene, na miduara myeupe imetulia juu ya buluu iliyokolea. Walipoingia wakicheza kumleta bibi harusi, watu walisimama kwenye viti. Mama Rehema aliponiona alinyanyua ncha ya gauni lake, akanionyesha, akaendelea kucheza. Nilijikuta nalia, nikasingizia moshi wa jikoni, na jikoni kulikuwa mbali.

Madam Doris alikuwepo. Wakati wa chakula wanawake walimzunguka Mama Rehema wakitaka kujua sare zimetoka wapi, naye akanyoosha mkono. "Muulizeni Madam, kitabu ni chake." Madam akainuka na sahani yake, akaanza kueleza kwa ile sauti yake ya kufundishia, nzuri, inayofika mpaka mlangoni. Aliwaeleza chujio la nazi, na nta, na brashi. Mimi na Shangazi tulikuwa meza ya nyuma yake tu.

"Na maji, jamani," akasema, "yawe vuguvugu, mkono uingie. Mkichovya kwenye ya moto, nta yote itawakimbia. Hapo ndipo wengi wanapokosea."

Hakugeuka kututazama. Nilifungua mdomo, Shangazi akanifinya paja chini ya meza.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Basi kula pilau lako."

Nikala, na lilikuwa tamu, Mama. Tukiwa njiani kurudi nilijiuliza kama nimekasirika, nikaona sina hasira. Wale wanawake wote wamekwenda makwao wakijua maji yawe vipi, na ndicho nilichotaka tangu nilipoona mabaka kwenye shuka la Shangazi. Nadhani hii ndiyo kazi ninayotaka kuifanya nikiwa mkubwa: kusoma, kujaribu, na kuwaambia watu nilichokiona. Sijui inaitwaje wala inasomewa wapi, lakini nitauliza.

Nisalimie Bibi, umwambie nakunywa maji ya kutosha kama alivyoniagiza. Nisalimie mdogo wangu Lusajo, asiache kusoma kwa sauti jioni hata kama mbuzi ndio wanaomsikiliza. Mjomba wa kwaya umpe heshima zangu, na Mama Mdogo umwambie ile sweta aliyonifumia naionyesha watu tu, kwa joto hili siwezi kuivaa.

Ninakukumbatia kutoka mbali, Mama, na ninakuombea usingizi mwema kila siku.

Mimi bintiyo akupendaye,
Tusekile