Phanuel, Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 8 Septemba
Nimerudi kliniki, kwenye faili zangu. Ndugu yangu Phanuel alianguka akafa Jumatano, akiwa kazini mjengo wa Kawangware, ghorofa ya tatu. Viatu vyake vya Jumapili bado viko mlangoni pa chumba chetu hapa Kianda. Siwezi kuvigusa.
Mama amepiga kutoka Bungoma. Anataka kabla mwili haujaondoka Jumamosi, niende alipoangukia, nimwite, nimwambie twende nyumbani. Asipoitwa, roho yake itabaki huko. Nikasema sawa.

Jumanne, 9 Septemba
Nimemwambia Ambrose wa maabara, amecheka. "Na digrii yako yote? Mtu ni ubongo, bro. Stima ikipotea, mwangaza hauendi mahali. Unaisha tu."
Sista Saadia, mzaliwa wa Makina, hakuinua hata kichwa. "Kwa hivyo mamako akifa tukupe pole ya balbu?"
Tangu chuo mimi ni wa upande wa Ambrose. Niliandika insha nzima kwamba roho haipo. Nilipata A!

Alhamisi, 11 Septemba
Nilifika hadi stage ya Kawangware, nikageuka. Eti wanamjengo watanicheka — hapana. Niandike ukweli. Niliogopa nikimwita nitasikia kitu. Kisha nikaogopa zaidi kwamba sitasikia chochote.
Mama amepiga. Ulimwita? Ndiyo. Kwa jina gani? Phanuel.
Mama akakataa.
"Hilo ni la kanisa, baba. Ataitika vipi? Rudi umwite kwa jina la nyumbani, Walubengo."

Ijumaa, 12 Septemba
Nimemwambia Mama nilirudi. Uongo wa pili.

Jumamosi, 13 Septemba
Gari la maiti linatoka saa nne. Nimekuja mjengoni mbio, bila chai.
Foreman, Mulei, akaniuliza kama natafuta kazi. Hapana. Sasa unatafuta nani? Nami nikajiuliza. Kama hapa hakuna mtu, mbona nimekuja mbio? Na kama yupo — siku kumi, peke yake!
Mulei akaniangalia vizuri. "Wewe ni wa Phanuel. Mmefanana. Tumeshangaa mbona hamkuji. Vijana wangu wamekataa kupanda huko juu."
Nimekaa kwenye mawe, naandika. Mkono ukisimama, mdomo utalazimika kuanza. Saa tatu na dakika ishirini.
Mulei amezima mixer ya simiti. Mafundi wamevua helmeti, wote wananingoja nimwite. Sikuomba hivyo! Kumetulia kabisa sasa. Mtu akiitika, tutamsikia wote.