Moshi wa Harmali

Baba Rafif,

Joto la Basra halijapungua. Ninampa barua hii dereva anayekuja huko Baghdad, kwa kuwa simu ya nyumbani anaishika mama yako.

Wale kasuku wadogo wawili tulioachiwa na jirani walishaanza kutuzoea. Mwanao aliwalisha mtama na vipande vya tango mkononi, akiwanong'oneza, "Kuleni, msinitie aibu."

Juzi wageni waliwasifia mno. Walipoondoka, mama yako akafunga madirisha, akachoma mbegu za harmali chetezoni, akalifukiza tundu lao kuondoa kijicho.

Nikamwambia, "Mama, ndege wana vifua vidogo."

"Na jicho la watu lina huruma? Umekuja kwangu juzi tu, unanifundisha?"

Moshi ulipopungua, wote wawili walikuwa wamelala chini ndani ya tundu, wamekufa.

Rafif aliwazika uani. Tangu hapo pumu yake imerudi, na usiku hapati pumzi. Mama yako anasema jicho lililowaua ndege limemhamia mtoto. Mimi ni mkwe tu, hanisikii. Mpigie leo hii, wewe mwanawe atakusikiliza.

Asubuhi amerudi kutoka sokoni na harmali kikapu kizima, na sasa anafunga madirisha ya chumba cha Rafif.

Mkeo,
Sundus