Vilivyopotea na Vilivyofutwa

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini goti limepunguza kukusumbua, na yule kitindamimba wako ameacha kubishana na walimu. Mimi mwili hauna neno. Mengine utayasoma humu, na naomba uyasome ukiwa umekaa.

Naanza na kadi ya kumbukumbu ya simu yako iliyotumbukia kwenye beseni la nguo. Uliniambia simu yenyewe hata nikiitupa sawa, ila kadi niipiganie, maana ndimo alimobaki mama: picha zake za mwaka wa mwisho, na sauti yake. Nami kwa majigambo yangu nikakujibu ukae mkao wa kula, umemkabidhi fundi.

Niliichomeka kwenye kompyuta hapa kibandani, ikasema haisomeki, eti niifomati, yaani niifute yote ianze upya. Wengi hapo hubonyeza ndiyo, wakidhani wanaitibu, kumbe wanaizika. Nikakataa, nikaacha programu ya kuokoa mafaili ichimbe. Ilichimba siku mbili nzima huku wateja wakinigombeza kuhusu vioo vya simu zao.

Jumanne ulipopiga nikakwambia kadi imekufa. Ulisema basi, kazi ya Mungu haina makosa, ukanishukuru kwa kuhangaika. Dada, ile asante ilinichoma kuliko tusi.

Kadi haikufa. Nilikudanganya. Picha zimetoka mia mbili na kumi na nne, na video zako zote kumi na saba. Mama anachambua mboga mlangoni. Mama anamsuka binti yako. Mama anakufukuza na simu yako kwa sababu hajajifunga kitambaa. Lakini lipo jambo ambalo sisi mafundi tunalijua na ninyi wateja hamlijui: programu hii haichagui. Huleta kilichopotea, na huleta pia kile ambacho mwenye kadi alikifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo ikatoka na video ya kumi na nane, ile uliyoifuta. Ni ya wodini, haifiki dakika. Mama anauliza niko wapi. Unasikika ukimjibu kwamba umenipigia tangu asubuhi, simu inaita tu. Mama anasema, “Mpigie tena. Pengine anakula.”

Sikuwa nakula. Simu ilikuwa mezani mbele yangu, naliona jina lako linawaka na kuzima. Wiki moja kabla uliniambia sina haya kwa kutokwenda kumwona mama, nami nikaapa nitakukomesha. Ulipiga mara kumi na tisa. Nilizihesabu, dada, tena kwa raha, nikijisemea acha ahangaike. Kulipokucha mama hayupo.

Msibani mjomba aliponiuliza mbona sikufika hospitali, nikasema simu yangu ilikuwa mbovu. Fundi simu, simu yake mbovu, na watu wazima na akili zao wakaamini! Lawama zote zikakugeukia wewe, kwamba uliuficha ugonjwa ili ubaki na mama peke yako. Mjomba akakuita mchoyo wa mzazi mbele ya kadamnasi. Na video unayo mfukoni, bado hujaifuta. Ungeifungua tu, ningeumbuka mimi. Badala yake ukainamisha kichwa, ukasema ni kweli, ulichelewa kutoa habari. Miaka mitatu sasa mjomba hakanyagi kwako, na mimi nimenyamaza. Tena mara mbili nimekaa sebuleni kwako, nikanywa chai yako, nikakulaumu kwa kosa langu mwenyewe.

Jumanne nilidanganya kwa sababu nilikuwa nakusudia kuifuta tena, kisha nikuletee zilizobaki kama shujaa. Sikuweza. Usinisifu kwa hilo. Nilishindwa tu kuifuta sauti ya mama anayeniulizia.

Kadi mpya iko ndani ya bahasha hii, na vyote vimo. Video ya wodini nimempelekea mjomba leo asubuhi, nikamwandikia na sababu. Nimetanguliza kwake kabla yako, kwa kuwa nakujua, ungenikataza.

Wabusu watoto. Shemeji mwambie anichukie atakavyo, ila kwanza akuombe wewe radhi, maana na yeye aliniamini.

Ni mimi mdogo wako,
uliyemfichia aibu.