Kikohozi Njiani Kuelekea Ziwa Masoko

Baba,

Hilo ndilo neno la kwanza kukuambia. Miaka kumi na mmoja nimekuwa mke wa Ambwene, mwanao. Nimekupikia, nimekufulia, na sikuwahi kukusalimia hata siku moja. Ndiyo mila yetu: mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, jina lake halitamki. Nikikukuta njiani nilikuwa nawahi kuingia kwenye migomba, nawe ulikuwa unakohoa mapema ili nipate nafasi ya kujificha. Sasa umelala, na sijui mila inasemaje kuhusu barua. Nimeamua haisemi kitu.

Habari za huku ni za kawaida. Mvua imebomoa ngazi mbili kati ya zile ulizochimba kushukia ziwani, Ambwene amezirudishia. Ng'ombe wako mwekundu amezaa. Fimbo yako ya kuongozea wageni ninayo mimi. Ulipoondoka, kikundi cha waongoza watalii kilikosa mtu wa njia ya Masoko. Vijana wote wanataka kupeleka wageni Daraja la Mungu, lile la mwamba juu ya mto. Nikasema mimi naijua hiyo njia. Mwenyekiti akauliza nani kanifundisha. Nikamjibu nimejifunza mwenyewe.

Huo ulikuwa uongo, na ndio ulionifanya nishike kalamu.

Jioni ulikuwa ukirudi unakaa nje, unamsimulia Mama, mkeo, safari ya siku hiyo, mimi nikiwa jikoni nyuma ya ukuta wa mianzi. Kwamba mgeni asianziwe na habari za hela ambazo Wajerumani wanasemekana kuzizamisha ziwani, maana akishasikia hela atatafuta hela tu, ziwa hataliona. Kwamba wote watauliza ufuko wa Matema, na mwongozaji asinune. Waache wakaoge Ziwa Nyasa, lakini wapite kwetu kwanza, kwa sababu mtu akishalala kwenye mchanga haamki tena kupanda mlima. Nilikariri yote huku namenya ndizi. Nilijiona mwizi. Mtu anayesikiliza nyuma ya ukuta, kisha akachukua kazi ya marehemu, utamwita nani?

Jumanne walikuja wageni wanne kutoka Dar es Salaam, kundi langu la kwanza. Mwenyekiti alishanionya: wakirudi wanalalamika, njia anapewa mwingine. Tulikuwa tunashuka vizuri. Kwenye kona ya mibuni nikasikia kikohozi. Kikohozi chako, Baba, kile cha mara mbili halafu kimya. Sikufikiri. Nilijikuta ndani ya migomba nimechuchumaa, kitenge kimefunika uso. Nilipogeuka, wageni wote wanne walikuwa wamechuchumaa nyuma yangu. Mama mmoja mnene amening'ang'ania gauni, ananong'ona, "Ni chui?"

Alikuwa mzee wa watu anapita na gambuti zake, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Akatutazama kule migombani, akatusalimu, "Mugonile," akaenda zake.

Ikabidi nieleze. Niliwaambia mila, niliwaambia kikohozi, na kwamba mwenye kikohozi alishazikwa. Sikutegemea, lakini hawakucheka. Yule mama akauliza jina lako. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikukumbuka pale kuliko siku ya mazishi, nikalia mbele ya wageni, jambo ambalo nadhani hukulifundisha. Ziwani tulikaa mpaka ukungu ukaondoka juu ya maji. Habari ya hela niliisahau kabisa.

Nyumbani nilimweleza Mama yote, na ukuta wa mianzi nikaukiri, na uongo wangu kwa mwenyekiti. Nilijua atanikasirikia. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akafuta macho, akasema, "Gwe mwanangu, mimi nimezaliwa pale ziwani. Njia ile nilimwonyesha mimi. Sasa alikuwa ananisimulia nini? Tena anapaza sauti, mimi ni kiziwi? Ukienda kuteka maji alikuwa ananyamaza mpaka urudi."

Mpaka urudi. Siku tatu hizi nimepika ugali mbichi mara mbili kwa ajili ya maneno hayo, na Ambwene amekula bila kuuliza. Nilidhani tulikaa miaka yote ile bila kusemezana, kumbe mmoja wetu alikuwa anasema kila jioni.

Wageni hawakulalamika. Njia bado ni yangu. Jumamosi nina wengine, wanapita hapa kwenda Matema, nami nitawapitisha kwetu kwanza. Mwenyekiti nitamwambia ukweli kesho. Na mgeni yeyote atakayeuliza, nitamjibu kwamba nilifundishwa na baba wa mume wangu. Jina lako sitalitamka, hapo nimeshazoea.

Ndaga fijo, Baba. Asante hii nayo ilichelewa.

Pumzika. Na siku tutakapokutana huko, ukiniona nakuja, usikohoe. Nitabaki njiani.

Mkamwana wako,
Bupe