Shangazi, Vunja Mfungo: Ninameza

Noonkopir, Kitengela
Jumamosi, 14 Juni 2025
Asubuhi: ukungu, baridi kali, jua halijaonekana.

Mpendwa Shangazi Wahu,

Nakusalimu kwa heshima, na leo pia kwa hofu. Kifua kinaendeleaje? Magoti je? Presha imeshuka tangu wakutoe zahanati? Na ile dawa ya sukari, unaimeza baada ya chakula kama walivyokuagiza, au unaimeza tumbo likiwa tupu? Sisi hapa tu salama. Mume wangu Peterson ameenda kazini, Shirleen anazunguka nyumba akitafuta soksi. Mimi pia ni mzima. Najua hutaamini neno hilo, na ndiyo maana naandika. Tafadhali kaa kwenye kiti, vaa miwani, usome mwenyewe. Usimpe mjukuu wako Melvin akusomee.

Jana saa kumi na moja jioni Melvin alinipigia akasema kwamba Jumatano ulianguka katikati ya vitunguu, ukabebwa kwa mkokoteni wa maji mpaka barabarani. Nikamwuliza kama ulikuwa umekula. Akanijibu kama mtu anayeshangaa swali langu: "Atakula aje na anakufungia wewe? Tangu tarehe moja anakula jioni tu. Siku zingine hata jioni anaacha. Amesema ni mpaka Evalyne ameze tena."

Nilikaa sakafuni, Shangazi. Simu ilikuwa bado inaongea na mimi sikuwa nasikia.

Nilipopata nguvu nikaomba nizungumze nawe. Lakini unajua Melvin huweka simu sauti ya juu, na jikoni kwako mlikuwa wengi, niliwasikia wakikohoa. Nikasema tu kwamba niko sawa, nameza vizuri. Ukawaambia hao watu, si mimi: "Mmesikia? Hata sauti imekonda." Sikuweza kusema lililobaki mbele ya kijiji kizima. Nikamwambia Melvin akuambie barua inakuja na Mbugua, yule anayeleta nyanya za Loitokitok kwenye soko letu. Anarudi huko kesho, atafika kwako Rombo.

Sasa nasema. Sina kansa ya koo. Sina kansa yoyote. Tarehe 29 Aprili nilifanyiwa upasuaji katika hospitali moja Nairobi, wa kupunguza tumbo. Sisemi kitambi, nasema tumbo lenyewe linalopokea chakula. Walikata zaidi ya robo tatu wakaitoa. Kilichobaki ndani ni kama ndizi moja. Niliutaka mwenyewe, nikatia sahihi mwenyewe, na wewe nikakudanganya kwamba naenda kutibiwa vidonda vya tumbo.

Nilikuwa na kilo 128. Sukari ilikuwa imeanza kupanda kama yako. Mwezi wa Machi, kule kazini Kajiado, nilichuchumaa stooni kuhesabu mifuko ya maharagwe ya shule nikashindwa kuinuka. Waliitwa mpishi na walimu wawili kuniinua. Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Daktari alinieleza kila kitu, nami nikaandika kila kitu, unanijua. Lakini kuandika ni tofauti na kuamka ukiwa na mwili ambao hamjafahamiana. Nakunakilia kutoka kwenye daftari langu, ujue sifichi tena.

Tarehe 30 Aprili: Vitundu vitano tumboni, kila kimoja kidogo kama ukucha. Maumivu makali yako begani! Muuguzi anasema ni hewa waliyonipulizia ndani, itaisha nikitembea. Nimetembea korido ya wodi mara nne.

Tarehe 3 Mei: Maji kwa kijiko. Glasi moja imenichukua saa moja na nusu.

Tarehe 7 Mei: Shirleen amepika chapati. Nimelia. Nimelia kwa sababu sikusikia njaa.

Tarehe 12 Mei: Vijiko vitatu vya uji mwepesi, nimeshiba. Nimekaa nikiangalia bakuli kama mtu aliyefiwa.

Hilo la njaa ndilo lililonishtua kuliko kisu. Miaka arobaini na moja njaa imekuwa ikiniamsha, ikinipangia siku, ikinipeleka kwa jirani. Nilidhani ni mimi. Kumbe ilikuwa kitu kinachoweza kutolewa. Nilishika meza siku hiyo ya chapati nikajiuliza, sasa ni nani huyu amebaki? Peterson alinikuta nimesimama jikoni na mwiko mkononi, hata sijui nilitaka kukoroga nini.

Sasa nikueleze kansa ilitoka wapi, maana ilitoka sebuleni kwangu.

Jumapili tarehe 18 Mei akina mama wa kikundi chetu cha kanisa walikuja kuniona, saba, wakiongozwa na Makena. Walikuwa wamesikia nimefanyiwa operesheni ya tumbo, na unajua wanawake wa kwetu wakisikia mwanamke amepasuliwa tumbo huelewa nini. Walileta njahi, Shangazi! Maharagwe hayo meusi yaliyopondwa na ndizi, kama ya mzazi aliyetoka kujifungua, na juu yake vipande vya mbuzi. Siku hiyo ilikuwa ya kumi na tisa tangu nikatwe. Nilikuwa naruhusiwa vitu laini tu, vilivyosagwa kama vya mtoto.

Nilisema nimekula. Makena akafunua sufuria.

"Mama Shirleen, hatuwezi kurudi na hii kitu imejaa. Wewe umekatwa, lazima damu irudi."

"Kidogo tu basi," nikasema.

"Kidogo?" mwingine akadakia kutoka mlangoni. "Huyu tunamjua. Tuache sufuria tutoke nje, tukirudi tutapata amelamba mpaka kifuniko!"

Wakacheka wote. Mimi nilicheka zaidi yao, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nimezoea. Nikala. Vijiko vitatu vya njahi na kipande cha nyama, haraka haraka, wakinipigia makofi.

Kilikwama hapa, chini ya kifua. Sijui nikuelezeje. Ni kama kumeza ngumi ya mtu. Mate yalijaa mdomoni, macho yakatoka machozi, nikainuka niende msalani, sikufika. Yote yalirudi kwenye zulia mbele ya wageni. Kisha Makena akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuzika: "Hii ni koo. Dada yangu ilianza hivi hivi."

Na mimi, Shangazi, nilisikia. Ningeweza kusema palepale, "Hapana, ni njahi zenu na tumbo langu dogo." Nilinyamaza. Niliona afadhali wafikiri nina kansa kuliko wajue kwamba nililipa madaktari wanikate kwa sababu ya unene. Kansa ilionekana kuwa na heshima kuliko ukweli. Wakapiga magoti wakaniombea, wakalia machozi ya kweli, na mimi nikasema amina. Hospitali walinipima kesho yake, hakuna kilichochanika, wakanigombeza, lakini kikundi sikukiambia.

Sikujua kwamba Makena alichukua namba yako ile Krismasi uliyotutembelea. Sikujua amekupigia kukuambia nina kansa ya koo, simezi tena. Nilikuwa naandika vijiko vyangu, nafurahia kilo zinashuka, na wewe kule Rombo, mwenye miaka sabini na mbili, mwenye sukari, umeacha kula kwa ajili yangu.

Utaniuliza kwa nini wewe sikukuambia. Nilipoletwa kwako baada ya kumzika mama nilikuwa na miaka sita. Ulinishika mkono hapa juu ya kiwiko, vidole vyako vikakutana na nafasi ikabaki. Ulisema, "Hii tutajaza." Ukaijaza. Ulinipa utandu wa maziwa uliokuwa wa watoto wako. Kila Desemba ulinisimamisha mbele ya wageni ukawaambia, "Angalieni hii kazi yangu." Niliogopa kwamba nikikuambia nimekatwa tumbo, utasikia nimekata kazi yako nikaitupa. Ndivyo nilivyofikiri. Leo naona nilikudharau, nikadhani unapenda mashavu yangu kuliko uhai wangu.

Haya, hali yangu ya sasa, bila kupunguza. Nina kilo 111. Sukari asubuhi imekuwa ya kawaida kwa wiki tatu mfululizo. Nasikia baridi kama kuku aliyenyonyolewa, navaa sweta ya Peterson hata mchana. Pete ya ndoa iliniponyoka nikiosha vyombo, sasa naifunga kwa uzi. Kule kazini watu wakiniona wanashusha sauti. Wamesema nywele zitapukutika baada ya mwezi mmoja hivi, zitarudi, usishtuke ukiniona na kitambaa. Siwezi kula na kunywa kwa wakati mmoja. Nikizidisha kijiko kimoja najuta nusu saa. Kuna siku nachukia uamuzi huu. Kuna siku, kama Jumatatu iliyopita, nachuchumaa stooni, nahesabu mifuko yote, nainuka peke yangu, halafu nachuchumaa tena bila sababu ili niinuke tena.

Ninameza, Shangazi. Usipoamini, nimechana kurasa nne za daftari nimeziweka ndani ya bahasha. Jana imeandikwa: yai moja la kuchemsha, nusu saa; ndengu zilizopondwa, vijiko sita; samaki, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Mbugua naye nilimwita leo asubuhi akae mezani anitazame nikila. Alidhani namfanyia mzaha. Muulize, atakuambia nilikula yai nikalimaliza na halikurudi.

Makena nimempigia saa mbili nikamweleza. Akasema, "Na sisi tuliomba mpaka magoti yakauma, Evalyne!" Amekata simu. Kesho nitasema mbele ya kikundi chote. Naogopa, lakini nitasema.

Wewe nakuomba jambo moja. Usinisamehe kwanza. Kula kwanza. Kula mchana, jua likiwa juu, watu wakikuona. Hasira zako nitazipokea baadaye, hata mbele ya Melvin na simu yake ya sauti ya juu. Mwezi wa Agosti shule ikifungwa nitakuja Rombo. Utanipikia, nitakula vijiko sita, na hutakasirika kwamba si sahani nzima.

Nisalimie Melvin, umwambie asante kwa kunipigia. Msalimie mama yake, na Wathome wa ng'ambo ya mfereji aliyekusukuma kwenye mkokoteni. Peterson na Shirleen wanakusalimu sana. Mungu akurudishie nguvu na hamu ya chakula, na akulinde dhidi ya upendo wa kijinga kama wangu.

Ni mimi, kazi ya mikono yako, nikupendaye,

Evalyne

Jumapili, 15 Juni. Asubuhi: baridi, mawingu. Mbugua yuko langoni, naongeza haya kabla sijafunga bahasha. Melvin alinitumia ujumbe jana usiku. Anasema mhudumu wa afya alikusimamia ukanywa uji nusu kikombe, na kwamba nusu ya pili umeifunika na sahani, umesema itangoja barua. Nimeandika daftarini: Shangazi, nusu kikombe. Chini yake nimeacha mstari mtupu wa ile nusu nyingine. Usiku nililala kwa saa nne na dakika ishirini tu.