Lengalenga ya Léocadie

Jumanne, 2/7/2024

Nilifika wapi? Jana maharagi ilianza kuungua, nikaacha cahier hii ya kuandikia. Eh — platebande ya Léocadie, kipande yake ya shamba!

Donc, leo tulikuwa wamama kumi na mbili kwa shamba ya chini, pale mto inapita. Hakuna mutu analipwa. Tunalima juu ya kulisha wagonjwa wenye hawana watu wa kuwapikia. Kila mama na platebande yake. Tumepanda vitunguu, nikawaelezea mambo ya pasteur na viatu vyake vipya, Mado alicheka mpaka akaketi ndani ya maji!

Léocadie njo hayuko. Siku ile alimwaga mbegu ya lengalenga, mchicha yetu, asubuhi, mchana akaondoka kwenda kijiji ya Wamaza kuchukua binti yake Grâce. Alisema siku nne. Sasa ni wiki tatu. Kule, wanasema, watu wamekimbia vita, wako porini.

Mado — njo présidente wetu — akasema platebande haina mwenyewe, tumupe Rachelle. Règlement ni règlement, sheria ya shamba. Rachelle alikuwa na jembe mukononi tayari, huyu!

Mudomo yangu ikafunguka yenyewe: acheni, Léocadie alinipigia jana, iko njiani.

Uongo. Téléphone yangu ilikufa tangu Pasaka.

Wote wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Ijumaa, 5/7

Uongo inatembea mbio kupita pikipiki. Leo Mama Cécilia, mama muzazi wa Léocadie, amekuja shambani na fimbo yake. Hajafikaka hapa hata siku moja! Macho yake inaona kidogo tu. Akakaa pembeni ya lengalenga ya binti yake.

— Aurélie, mutoto wangu alisema nini?

Ningesema nini, mimi? Nikasema: mama, barabara ni mubaya, anatafuta motard mwenye pikipiki. Grâce iko naye. Anakusalimia sana, anasema mama usilie.

Akanipa karanga ndani ya mukono. Ilikuwa ingali moto.

Sikuikula.

Jumatano, 10/7

Anakuja kila siku. Kila siku ni ile ile: alisema nini tena? Mimi mwenye kupenda kusema — nimechoka kusema! Nimeshatunga vile walikula samaki njiani, kule Kabambare. Nimetunga Grâce amerefuka, nguo imekuwa mufupi. Mama Cécilia anacheka, wamama wanaacha majembe wanakuja kusikiliza. Kuna saa mimi mwenyewe nasahau kama ni uongo. Nangoja kusikia vile itaishia.

Lengalenga imefika kwa magoti. Mado anasema ikatwe, itakomaa bure. Lakini hakuna mwenye ananyanyua kisu. Kwa shamba yetu mwenye alimwaga mbegu njo anakata wa kwanza. Mukono ya mutu mwingine ikitangulia, ni kusema mwenyewe hatarudi tena. Mado anajua. Anasema tu kwa nguvu, halafu anaenda kumwagilia vitunguu vyake.

Kwa siri nimemuomba Clovis, motard wa njia ya Kabambare, afike mpaka Wamaza, aulize. Ameondoka leo. Alipiga klaksoni mpaka kuku za quartier zote zikakimbia.

Jumamosi, 13/7

Mungu wangu, leo.

Nilikuwa naeleza tena. Nikasema: mama, binti yako alisema, "mwambie mama…" Akanigusa kwa goti.

Akasema polepole. Kwamba alizaa Léocadie angali musichana mudogo. Kwamba koko, bibi ya mutoto, njo alimulea, kwa nyumba moja na wajomba. Wale wadogo wote walimuita yeye, Cécilia, Yaya, ni kusema dada mukubwa, na Léocadie akafuata. Mpaka leo. "Hajaniitaka mama hata mara moja, Aurélie."

Mimi mwenye kujua mambo ya kila nyumba ya hapa — ile sikuijua!

Kumbe alijua uongo yangu tangu siku ya kwanza. Tangu ile karanga, tangu ile "mama usilie" yangu. Nikaanza kulia, nikaomba pardon. Akasema: nyamaza, wamama watasikia.

Halafu:

— Ongeza. Lakini sema vile anasemaka yeye.

Nikasema: "Yaya, niko nakuja."

Akafunga macho.

— Tena.

Nikasema tena.

Jumanne, 16/7

Naandika hapa hapa shambani, juu ya gunia ya mbolea. Nikiacha kuandika nitaanguka.

Clovis amerudi. Hakupiga klaksoni. Nyuma ya pikipiki kuna Grâce, peke yake, na kitunga ya mama yake kifuani. Tulingoja kama kuna pikipiki ya pili. Hakuna. Clovis anaangalia pneu ya mbele ya pikipiki tu.

Mama Cécilia alimupapasa mutoto uso, mabega, mikono. Akamukalisha karibu naye. Akaomba kisu. Mado alimupa, yeye wa règlement! Sasa anakata lengalenga. Anatafuta shina kwa vidole, anakata, anatafuta ingine. Wamama wote wamesimama. Hakuna mwenye anamukataza.

Na Rachelle — mudomo yake ile, inapita yangu! — ameinama kwa Grâce, anamunongoneza. Mutoto amegeuka. Ananiangalia mimi.

Mama Cécilia ananiita.

— Aurélie! Acha cahier. Kuja unishikie kitunga. Kuja mbio, mwanangu — mutoto anauliza mama yake alikuambia nini kwa téléphone.

Naacha cahier, naenda.