Mutu wa Kuosha Kidonda

Beni, ku hopitali

Lusenge mutoto yangu,

Salamu kwako kule Kasindi. Ile jipu ya nyuma ya paja banaipasua na sikulia. Wazee bote ba mu chumba banashangaa.

Lakini sikiliza. Leo asubuhi nikavaa koti nirudie Butembo. Infirmière mwenye anatuuguza, Mama Keren, akakaa ku kitanda yangu: "Papa, choo yako iko juu ya kilima ao chini? Unachuchumaa? Maji nani anachota?" Tangu nizaliwe sijaona mutu anaingia mu nyumba yangu vile bila kuvuka mulango. Akafika ata ku ile jiwe yenye inateleza wakati ya mvua. Nikaogopa kama mbele ya padiri.

"Na kidonda, nani ataosha? Kikioza, muguu inaenda."

Nikasema mimi mwenyewe. Akanipa kioo. "Basi onyesha, Papa." Nikajikunja mpaka majirani ba vitanda bakacheka. Sikukiona.

"Nyumbani unabaki na nani?"

"Na Kavuo, bibi ya mutoto yangu mwenye iko Kasindi."

Naye ni Munande kama sisi, anajua kwetu bibi ya mutoto hawezi kuona paja ya baba-mukwe. Hakunicheka. "Donc basi Papa, hautoki mpaka huyo mutoto akuje nimufundishe."

Mimi sina tabia ya kuomba mutu, unajua. Lakini huyu mama anaona mbali. Nikarudisha koti ku musumari.

Kuja, Lusenge. Ukate kucha mbele ya kufika.

Baba yako mwenye nguvu,
Sikuli